Ngwe ya Minda

Charleston, 9 Februari 1851

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wote wa vibandani, na ule mguu wako haukusumbui tena kwa baridi hii. Mimi sijambo wa mwili. Wa moyo tutazungumza.

Anayeniandikia ni Bi Klarisa, mshonaji, mwanamke wetu ila yeye ni huru, anakaa nyuma ya kanisa tunalosali. Ametaka ujue kwamba hatozi kitu na kwamba ninaongea haraka mno. Barua nampa Baba Kwashi wa boti ya shamba akishapakua mpunga, ndani ya kitako cha pili cha lile kapu lako. Fundi Skipio, wewe unayemsomea Mama, nakuomba umsomee yote, usiruke hata pale utakapoona aibu.

Mama, nimechekwa na mji mzima. Siku ya nne tangu niletwe niliamka, nikazoa majivu ya meko yote sita, nikamwaga vyungu vya vyumbani, nikasugua ngazi, nikasafisha vijiko vya fedha mpaka nikaona meno yangu. Saa sita mchana nilikuwa nimemaliza kila nilichoambiwa. Basi nikanawa miguu, nikavua aproni, nikafungua geti nikatoka zangu kwenda kuangalia barabara. Si nimemaliza ngwe yangu? Jua lilikuwa bado juu, na kwetu ukimaliza ngwe uliyopimiwa, siku iliyobaki ni yako.

Sikufika hata kona. Askari alinishika, akaniuliza cheti cha ruhusa ya kutembea kiko wapi. Akanirudisha kwa Bibi mwenye nyumba akinivuta mkono kama mbuzi aliyekula mboga za watu. Bibi akaniuliza, "Nani kakuruhusu?" Nikamjibu kwa heshima zote, "Nimemaliza ngwe yangu, Bibi." Hagar, mpishi, alicheka mpaka akashikilia meza. Bibi hakucheka. Nilipigwa makofi mawili na kuambiwa nikirudia nitapelekwa kwenye ile nyumba ya viboko ya jiji, ambako wanalipwa kumpiga mtu asiyekuwa wao.

Mama, huku hakuna ngwe. Kazi haina mpaka. Ukimaliza kengele inalia, ukikaa kengele inalia. Nalala sakafuni mlangoni kwa Bibi ili nisikose kuisikia. Sasa watumishi wa nyumba zote za mtaa huu wameniita Ngwe. "Ngwe, umemaliza?" Ndiyo salamu yangu.

Nataka kurudi nyumbani. Nakuwaza ukiwa peke yako shambani, hakuna wa kukusaidia.

Mwanao,
Minda

Shamba la Ferrow, 2 Machi 1851

Mwanangu Minda,

Marahaba, marahaba mara mia. Sisi hatujambo. Mguu umepona, labda umenionea huruma. Mama Hester anakusalimu, Dafne anakusalimu, na yule nguruwe wako amekuwa mkubwa na hana adabu hata kidogo.

Nilipomsikia Skipio akisoma habari za geti nilicheka nikalia, sikujua ninafanya lipi. Wewe mtoto, miguu umenawa kabisa na aproni umevua. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyekufundisha kukimbilia mwisho wa ngwe kama mtu anayefukuzwa. Unakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na mbili, wamekupimia ngwe ya mtu mzima kwa mara ya kwanza, ukakaa chini katikati ya mpunga ukalia? Nilimaliza ya kwangu nikaja upande wa pili wa ya kwako, tukalima mpaka majembe yetu yakagongana. Kila siku nilikuja. Nyapara alisema nakudekeza. Nikamwambia, mchana huu ni wangu, na nikitaka kuutumia kudekeza, nitadekeza.

Sasa namaliza, nageuka, hakuna mtu.

Nisikilize. Kuwa mzembe. Unguza mikate yao. Vunja kikombe kimoja kila wiki, si viwili. Watachoka na wewe watakurudisha.

(Mimi Skipio, fundi mapipa, naandika kama nilivyoambiwa, lakini shauri hilo silikubali mimi. Mtumishi anayevunja vikombe harudishwi shamba, anauzwa. Nimemwambia mama yako hivyo, naye kaniambia nitengeneze mapipa.)

Skipio ameandika nini hapo muda mrefu hivyo? Sikumwambia maneno mengi kiasi hicho. Basi. Usivunje kitu. Kula, lala, na ukipata nafasi ya kukaa, kaa.

Mama yako,
Tira

Charleston, 25 Mei 1851

Mama mpenzi,

Shikamoo. U hali gani? Na Mama Hester, na Dafne, na nguruwe? Mimi sijambo, na leo naweza kusema sijambo bila kumeza mate.

Nimeanza kuujua mji. Nimepewa viatu, vinabana lakini vina sauti nzuri kwenye mawe. Nakula mkate mweupe unaobaki mezani. Ijapokuwa ukuta wa ua wetu ni mrefu na juu wamepanda vipande vya chupa, Hagar akinituma sokoni na cheti chake nina nusu saa, na katika nusu saa hiyo, Mama, nakutana na watu wengi kuliko wanaoishi shamba zima. Hakuna anayenijua mimi ni mtoto wa nani. Huko, nikipiga chafya msimamizi anajua. Hapa naweza kusimama kati ya wauza kaa na wauza bamia, na kwa muda mfupi siko mikononi mwa mtu.

Jambo jingine, shika kiti. Nimeshika barafu. Barafu ya kweli, mwezi huu wa Mei, na watu wanatoka jasho. Kuna mzee mmoja nahodha anayeileta melini kutoka kaskazini, imefunikwa na unga wa mbao. Bi Klarisa anamshonea mashati. Mzee huyo ni mtu wa dini, hapendi mambo ya huku, na hulipa kabla hajadaiwa. Alinipa kipande nikakimbia nacho nyumbani kumwonyesha Hagar, nikafika na mkono umelowa tu.

Nakumbuka sana siku ya kukanyaga mbegu za mpunga ndani ya udongo kabla ya kupanda. Mwaka huu mlikanyaga bila mimi. Nilikuwa nafuta vumbi, nikajikuta nachezesha miguu ule mchezo wetu wa kwenye udongo, Bibi akaniuliza kama nina siafu.

Na hili la mwisho naliandika mwenyewe kwa sababu Bi Klarisa amenifundisha nakuomba usicheke

mama nakupenda mimi minda mkono wangu

Shamba la Ferrow, 21 Septemba 1851

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini u mzima. Huku tuna afya, na nikishakusimulia utashangaa kwamba tunayo.

Kwanza, ile mistari yako. Skipio alinionyesha kwa kidole penye jina lako. Nimeikata sehemu hiyo, naiweka ndani ya kilemba. Kuhusu barafu ya mwezi wa tano, nimewaambia watu wote kwamba mji umekufundisha uongo. Mama Hester anasema labda ni chumvi.

Sasa habari. Tarehe ishirini na nne ya Agosti ilikuja tufani, na maji yakapasua tuta la mto, karibu na mlango wa maji mkubwa. Mpunga ulikuwa na wiki mbili tu tuuvune. Wanaume walikuwa upande wa pili. Niliona pale pameachama, nikakimbia nyumbani nikang'oa mlango wangu, nikaenda nao majini nikauegemeza kwenye tundu kwa mgongo. Dafne na wanawake watano wakashindilia nyasi na udongo nyuma yangu. Tulisimama pale mpaka maji ya bahari yalipoanza kurudi. Mpunga ukapona.

(Skipio hapa. Asikuambie kidogo kidogo. Alisimama kutwa nzima, maji kifuani. Nimemtengenezea mlango mpya wa mvinje, mzito, una komeo kwa ndani. Hakuna kibanda kingine chenye komeo.)

Bwana amekuja kabla ya wakati wake kuangalia. Akasimama juu ya tuta, mbele ya watu wote, akasema, "Tira, omba kitu kimoja. Kisiwe uhuru, lakini omba." Nikamwambia nipe muda nifikirie, Bwana. Sikuwa na la kufikiria. Nataka wewe urudi. Bwana akirudi Novemba namwomba, nawe Krismasi uko nyumbani, kwa heri kengele.

Jipange, mwanangu.

Mama yako

Charleston, 19 Oktoba 1851

Mama,

Shikamoo. Natumaini kifua chako hakikushikwa na yale maji. Hagar na Bi Klarisa walilia niliposoma habari ya mlango, na nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno. Hii pia naiandika peke yangu, kwa hiyo makosa yote ni yangu.

Mama, usiniombe.

Nimekaa na sentensi hiyo wiki mbili. Nakuomba usiichane karatasi, msikilize Skipio mpaka mwisho. Si kwamba nimewasahau. Nikisikia harufu ya moshi wa msonobari natafuta mtu wetu. Na huku si kuzuri, usidhani. Huko una nusu ya siku yako, una bustani, una kuku, una mlango wa kufunga. Mimi sina hata dakika. Lakini nusu siku yako, Mama, inaishia kwenye kichaka cha mpakani. Dakika yangu nikiipata haina mpaka. Nikirudi sitashika kitabu tena. Nitapimiwa ngwe leo, kesho, na miaka arobaini, na nitaikimbilia mwisho kila siku ili nipate mchana wa kupumzika kwa ajili ya ngwe ya kesho.

Omba kitu kingine. Omba blanketi, omba ng'ombe wa maziwa. Omba kitu cha kwako.

Nisamehe. Nakupenda kuliko nilivyoweza kuandika mwezi Mei.

Mwanao,
Minda

Shamba la Ferrow, 30 Novemba 1851

Minda,

Marahaba. Sisi wazima.

Barua yako ilifika na Kwashi zamani. Boti imekwenda na kurudi mara mbili bila jibu kwa sababu sikutaka kujibu. Nilimwambia Skipio aisome tena, nikamwambia aache kusoma, nikaenda kulima bustani ambayo haikuwa na haja ya kulimwa. Nilikasirika, mwanangu, sitakuficha. Niliona umepata viatu ukanidharau mimi ninayekanyaga tope. Ng'ombe wa maziwa. Nimfanyie nini mie ng'ombe wa maziwa?

(Alimpa nguruwe chakula chake mwenyewe kwa siku tatu, kisha akamgombeza nguruwe kwa kula. Skipio.)

Kisha nikawaza yale ya ngwe ya kesho na kesho. Sikulala vizuri. Ni kweli, wala hakuna aliyewahi kuniambia. Lakini mama ni mama. Bwana alipokuja nilimwomba hivyo hivyo. Nisamehe nawe.

Na alilonijibu ndilo linaloniuma sasa. Amesema hawezi, kwa kuwa Bibi ameshakutoa. Umepewa binti yao Karolina, anayeolewa mwezi wa Januari, na mumewe ana mashamba ya pamba Alabama. Mnaondoka tarehe ishirini ya mwezi huo. Nadhani huku nimejua kabla yako, ndivyo walivyo. Alabama, Minda. Hakuna boti ya Kwashi inayofika Alabama. Dafne alikuwa na kaka aliyepelekwa huko miaka tisa iliyopita, hajasikia hata salamu.

Bwana aliniona nimeshika ukingo wa meza, akasema basi atakuandikia cheti, uje Krismasi kwangu uniage. Siku kumi na nne, njia nzima, kwa jina lako na sahihi yake. Kwashi anacho. Akufikishie mkononi mwako tu.

Njoo, mwanangu. Sitakusema juu ya barua ile. Nikuone tu, nikushike kichwa.

Mama yako

(Kwa kuwa hajui nimeliandika hili: tangu Mei nimekuwa nikimwandikia herufi kwa mkaa juu ya mifuniko ya mapipa. Anasema ni za kuchezea. Anajua kumi na tisa. Skipio.)

Charleston, 14 Desemba 1851

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Cheti nimekipata. Nimekisoma mara nyingi kuliko nilivyowahi kusoma kitu chochote. Siku kumi na nne, "apite bila kuzuiwa".

Habari ya Alabama niliisikia kwako kwanza. Jana Bibi Karolina aliniambia nifurahi, kuna hewa nzuri. Nilimwambia asante.

Nakuja na boti ya Kwashi tarehe ishirini na tatu. Nipikie wali wa kunde, na viazi vitamu vya kuchoma majivuni vyenye asali ya muwa. Waambie wote nakuja. Mwambie msimamizi pia, asije akashangaa.

Mama, ile siku uliyonikuta nimekaa katikati ya mpunga nalia, hukuniuliza nimefikia wapi. Ulianza tu kulima kutoka upande wako. Nimekuwa nikiikumbuka wiki hii yote. Sijui kwa nini nakuandikia. Nilitaka tu iwe kwenye karatasi kwamba nilikuona.

Bi Klarisa anakusalimu. Ana kazi nyingi, yule nahodha wa barafu yuko bandarini na anataka mashati yake kabla ya tarehe ishirini na mbili.

Mwanao daima,
Minda

Shamba la Ferrow, 14 Machi 1852

Minda mwanangu

Marahaba. Mimi mzima. Natumaini u mzima. Hii naandika mimi. Skipio amekaa hapo pembeni amefumba mdomo, kazi kubwa kwake. Nimechukua Jumapili saba. Neno gumu namuuliza.

Naiweka kwenye kapu. Kwashi atampa Bi Klarisa. Yeye anajua njia.

Boti ilifika tarehe ishirini na tatu. Watu wote walikuwa kando ya mto. Nilikuwa na viazi kwenye aproni, vya moto. Kwashi alishuka peke yake. Akaniambia polepole, hakuja bandarini, Tira, nimemngoja mpaka nikachelewa. Niliona tope, niliona boti. Nikakumbuka ulivyoandika kuhusu ngwe na mpunga, na mashati ya nahodha ya tarehe ishirini na mbili. Nikajua. Moyo uliniuma na ukafurahi pamoja, sijui kama kuna neno lake, Skipio anasema hana.

Msimamizi akaja na orodha yake. Akauliza, Minda yuko wapi. Nikasema, ameshuka kwenye kona ya mto, Bwana, anatapika, ana vipele usoni, nimemlaza nyumbani. Nadhani ni ndui. Msimamizi alirudi nyuma hatua tatu. Kwashi akaangalia miguu yake. Akasema, ndiyo, alitapika njia nzima, boti yangu imeharibika.

Nilifunga mlango. Komeo la ndani. Siku kumi na nne, Minda. Niliingiza sahani mbili nikatoa sahani mbili. Nimenenepa. Nilikuimbia. Nilikugombeza kwa sauti kwa kutokunywa dawa. Siku ya pili Mama Hester alisimama nje akasema, pole Minda, mwanangu, Mungu akuponye. Kumbe alishaelewa ninachofanya. Wakaja wote, mmoja mmoja, wakisalimia mlango. Dafne aliuambia mlango umbea wote wa mwaka. Wali wa kunde niliula mimi. Ulikuwa mzuri.

Mjini walidhani uko kwangu. Huku walidhani uko kwangu. Mimi tu nilijua hukuwa kwangu.

Siku ya kumi na tano nilimwambia msimamizi umepona, umeondoka na Kwashi alfajiri. Barua ya Bibi ilikuja baada ya wiki. Ikawa kelele. Waliniuliza. Nikasema nilikupandisha botini, kama umeruka majini sijui. Kwashi akasema ulishuka naye bandarini ukapotelea sokoni, kuna watu wengi huko, yeye ni mtu wa shamba. Viboko vilikuwepo, sitaviandika. Kisha wakanipa ngwe mbili kwa siku mpaka mavuno.

Siku ya kwanza nilidhani nitafia humo. Nililima, nikainua kichwa saa nane, nikamwona Dafne upande wa pili ameshaanza. Amemaliza ya kwake. Nyuma yake Mama Hester, na umri ule. Nyuma yake wengine. Tulilima mpaka majembe yakagongana. Kila siku wanakuja. Tunamaliza kabla ya jua kushuka, na msimamizi haelewi.

Mwezi uliopita Kwashi alileta salamu kutoka kwa Bi Klarisa. Alisema, sielewi, ila ameniambia nikuambie hivi: barafu haikuyeyuka. Nilikaa chini pale pale ukingoni. Nilicheka mpaka wakadhani ni homa. Mama Hester sasa anaamini ipo.

Huko ni baridi, vaa viatu. Soma sana. Usiniandikie, watakutafuta kwa njia hiyo. Hata usipoandika nitajua unaandika.

Mwanangu, usiangalie nyuma kuona kama kuna kilichobaki. Ngwe mbili, moja ni yangu na moja ni ya kwako, na ya kwako nimeimaliza mimi. Jua bado liko juu. Siku iliyobaki ni yako.

Mama yako, kwa mkono wake,
Tira